Vifuniko Sabini na Kimoja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwalimu wa darasa la kwanza amepiga magoti katikati ya madawati, nyundo mkononi. Kuna msumari umeinua kichwa kwenye benchi la mstari wa tatu, na wiki hii umeshachana sketi mbili. Anaugonga mara nne. Kisha anapitisha kiganja juu ya benchi, kwenda na kurudi, polepole, kama mama anayepapasa paji la uso la mtoto kujua kama homa imeshuka.

Homa imeshuka. Anainuka, anajipangusa magoti, anaenda hadi dawati la mwisho karibu na dirisha, anajikunja na kuketi. Ni mrefu mno kwa dawati lile. Magoti yanakaribia kidevu. Anautazama ubao. Anainamisha kichwa kushoto, anainamisha kulia.

"Nakagua kama unaonekana," anasema. "Ubao ni kama mtu. Ukiwa mbele yake mnacheka vizuri tu. Ukikaa pembeni ndipo unapoijua tabia yake."

Watoto wanamwita Mwalimu Ngazi, kwa sababu hubandika michoro juu kabisa ya ukuta bila kupanda kiti. Ana miaka ishirini na minane. Darasa lake lilijengwa kwa watoto arobaini na watano. Lina sabini na mmoja. Wanne wanne wanabanana kwenye benchi moja, na wa pembeni huandika mguu mmoja ukiwa njiani.

Leo hatabasamu sana. Saa tatu atakuja mkaguzi, na hii ni mara ya pili na ya mwisho. Mara ya kwanza, miezi sita iliyopita, alianguka. Mwalimu mpya akianguka mara mbili ndani ya kipindi cha majaribio, jina lake linaondolewa kwenye orodha.

"Hawakurudishi chuoni, hawakuhamishi shule," anasema, akikunja vidole kimoja kimoja. "Wanakushukuru, basi. Narudi kupaka nyumba za watu rangi."

Si maneno ya kuchekesha. Kupaka rangi ndiyo kazi ya nyumbani kwao. Baba yake ni fundi rangi, na yeye mwenyewe alipaka kuta pamoja naye miaka minne baada ya sekondari, hadi alipopata nafasi ya chuo cha ualimu. Siku anaaga, mzee hakukasirika. Alimwambia tu: "Mwanangu, ukuta una heshima. Ukishaupaka, hausemi 'sijaelewa'."

Kisha mzee akafanya jambo ambalo mwanawe halisahau. Alichukua brashi tatu za kijana wake, akazisafisha kwa mafuta ya taa, akazifunga kwa kitambaa, akaziweka juu ya kabati. Kila baada ya miezi miwili huzishusha na kuzisafisha tena zisikauke.

"Anazitunza kwa ajili yangu," anasema Mwalimu Ngazi. "Hajawahi kusema kwamba anangoja nirudi. Ila brashi ambayo haitumiki, mtu anaisafisha ya nini?"

Na si baba peke yake mwenye shaka. Mtaani vijana wa rika lake humtania kwamba mwanamume mzima ameenda kufunga kamba za viatu.

"Wewe ni mwalimu au yaya?" kinyozi wake alimuuliza, mkasi ukiwa karibu na sikio.

"Vyote viwili," alijibu. "Na uyaya ndio mgumu."

Mshahara wa majaribio ni theluthi mbili ya mshahara kamili, kwa hiyo hutembea dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi. Mke wake, fundi cherehani, amemshonea mfuko wa kitambaa kinene wenye vyumba vitatu: cha chaki, cha daftari na cha leso za pua. Pua si zake. Cha leso ndicho kilichoanza kuchakaa.

Yaliyotokea katika ule ukaguzi wa kwanza, walimu wa shule hii bado huyasimulia wakati wa chai, na yeye mwenyewe hucheka kuliko wote. Lakini siku ile hakucheka.

Alikuwa na miezi miwili tu kazini. Aliposikia kwamba mkaguzi anakuja Jumatatu, alifanya ambalo walimu wengi wachanga hulifanya na wachache hulikiri: alilifanyia somo mazoezi. Akachagua watoto tisa wenye sauti. Akaandaa maswali tisa, kila mtoto na jibu lake, kwa mpangilio; wa kwanza akiketi, wa pili anasimama. Waliobaki, sitini na wawili, aliwaagiza wakunje mikono na watabasamu. Wiki nzima waliimba somo hilohilo mpaka likawa linateleza kama sabuni.

Siku ikafika, na mkaguzi akachelewa robo saa. Ili kuokoa muda, mwalimu akaruka swali la kwanza.

Hakukumbuka kumwambia mtoto wa kwanza.

"Nikauliza, mbili ukijumlisha na tatu unapata ngapi?" anasimulia. "Mtoto wa kwanza akasimama, kifua mbele, akasema, 'Pembetatu!' Jasho likanitoka. Nikasema labda ameshtuka tu, twende mbele. Wiki ina siku ngapi? Wa pili akasimama: 'Tano!'"

Ikawa kama shati lililokosewa kifungo cha kwanza. Hadi chini, kila kifungo kimeingia tundu la jirani yake. Alipouliza ng'ombe ana miguu mingapi, mtoto alijibu kwa sauti nzuri, bila wasiwasi wowote: "Duara." Mkaguzi alikuwa akiandika, anaacha, anaandika tena. Na maswali yalipokwisha, mtoto wa tisa alikuwa bado na jibu lake mdomoni. Akaangaza macho huku na huku, akaanza kulia: "Na langu je?"

Mkaguzi, mtu mzima mwenye sauti ya chini, akamgeukia mtoto mmoja wa nyuma aliyekunja mikono. "Na wewe mwanangu, mbona hujibu?"

"Sisi hatujibu," mtoto alisema. "Sisi tumeambiwa tutabasamu."

Ripoti ilikuwa na mistari miwili. Mwalimu haoni haya kuisoma; ameibandika ndani ya mlango wa kabati lake la vitabu. "Mwalimu anaigiza somo. Wanafunzi sitini na wawili hawakufundishwa."

"Mstari wa kwanza uliniaibisha," anasema. "Wa pili ndio ulionikosesha raha. Sitini na wawili. Kila mmoja ana mtu nyumbani aliyemwogesha asubuhi, akamfunga vifungo, akamwambia, nenda ukasome."

Mwalimu mkuu hakumpigia kelele. Alimkabidhi kwa mwalimu wa darasa la sita, mama mwenye miaka thelathini na mmoja kazini, goti moja bovu, na miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Shule nzima inamwita Mama Nukta.

Jina linatokana na karatasi yake. Huchora visanduku kufuata madawati, kimoja kwa kila mtoto, kisha huketi nyuma ya darasa la mwalimu mchanga na kalamu nyekundu. Mtoto akisema jambo lake mwenyewe, anapata nukta. Akiuliza, nukta. Akikosea, nukta. Darasa zima likiitikia kwa pamoja, kalamu haigusi karatasi.

"Kuitikia hakuna nukta," anaeleza Mama Nukta mwenyewe, akilikanda goti. "Kuitikia ni kelele yenye adabu."

Siku ya kwanza alikaa kipindi kizima. Kwenye visanduku sabini na kimoja kulikuwa na nukta nane, zote katika mabenchi mawili ya mbele.

"Akanipa karatasi," anakumbuka Mwalimu Ngazi. "Akaniambia, 'Mwanangu, hii ndiyo picha ya darasa lako. Hebu nitafutie wengine wako wapi.' Nikasema, mama, mbona niliuliza kama wameelewa na wote wakasema ndiyo? Akacheka. Akasema, 'Mimi juzi daktari aliniuliza kama nimeelewa namna ya kumeza dawa. Nikasema ndiyo, ndiyo, daktari. Nilitaka tu aniachie nikapande kitandani.'"

Kisha akamwamuru aketi dawati la mwisho, lile la dirishani, na asome kilichoandikwa ubaoni.

Hakuweza. Jua la asubuhi lilikuwa limeuangukia ubao, na upande wote wa kushoto uling'aa kama sinia. Mtu fulani mwenye moyo mwema, miaka iliyopita, aliupaka kwa rangi ya mafuta.

"Niliona aibu ambayo hata kwenye ukaguzi sikuiona," anasema. "Kwa sababu hili nalijua! Baba alinifundisha tangu siku ya kwanza: rangi inayong'aa ni ya mlango. Nimesimama mbele ya ubao ule miezi miwili, mimi fundi rangi, nikiwaambia watoto wa nyuma ni wazembe."

Jumamosi iliyofuata alikuja na msasa, akaukwangua ubao tangu asubuhi hadi saa nane, akaupaka nyeusi isiyong'aa, mikono miwili, wa pili juu ya wa kwanza uliokauka. Rangi yenyewe ilikuwa mabaki kutoka kwa baba yake, ambaye aliitoa bila kuuliza ni ya nini.

Jumatatu, mtoto mmoja wa benchi la nyuma aliinua mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa na habari njema. "Mwalimu," alisema, "leo umeandika na upande huu!"

Hapo ndipo mambo yalipoanza kugeuka, ingawa si kwa siku moja.

Mwalimu Ngazi akaanza kuokota vifuniko vya soda. Akaviponda vikawa bapa, akavipaka rangi nyeupe, akavianika dirishani, vyote sabini na kimoja. Kila mtoto akapewa brashi nyembamba achore alama yake, achore anachotaka, mradi asiige cha mwenzake. Leo vifuniko hivyo vinakaa ndani ya kopo la rangi lililooshwa, na darasa hilo lina Jua, lina Ufunguo, lina Sufuria, lina Kiatu Kimoja, lina mtoto aliyechora kitu ambacho mpaka leo hakijulikani na ambaye anaitwa Kitu.

Mwalimu akiuliza swali, kwanza kila mmoja humnong'oneza jirani yake. Kisha kopo linatikiswa, kifuniko kinatoka, na alama iliyotoka ndiyo inayojibu. Hakuna wa mbele wala wa nyuma. Na kwa kuwa kopo halina huruma, mwalimu aliongeza sheria moja: asiye tayari anaruhusiwa kusema "nirudie". Lakini ni lazima arudiwe.

Wazo la "nirudie" hakulitoa chuoni. Lilizaliwa stoo.

Kila Alhamisi baada ya masomo, walimu watatu wachanga hukutana na Mama Nukta kwenye stoo ya vitabu, kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye mlango unaofungika. Wanakalia maboksi. Kila mmoja huja na kosa lake la wiki. Mafanikio hayaruhusiwi. Na kosa la mwenzako halitoki nje ya mlango ule, isipokuwa mwenyewe aruhusu, kama walivyoruhusu wenye makosa yanayosimuliwa hapa.

"Mwenzenu nimemwita mtoto mzembe, kumbe amelala kwa sababu hajala," alianza wiki moja mwalimu wa darasa la pili, binti mcheshi anayeongea huku akisahihisha daftari.

"Ulimwomba radhi?" Mama Nukta akauliza.

"Mtoto wa miaka saba, mama?"

"Basi ngoja afike arobaini, umtafute."

Stoo ikaangua kicheko. Kesho yake binti yule aliomba radhi. Mwenyewe anasema mtoto alimjibu, "Haya, usirudie," na akampa kipande cha kifutio.

Zamu ya Mwalimu Ngazi ilipofika wiki hiyo, kosa lake lilikuwa msichana mmoja. Alikitoa kifuniko chake, msichana akanyamaza, darasa likasubiri, akazidi kunyamaza, na mwalimu, kwa kutojua la kufanya, akarudia swali kwa sauti kubwa zaidi.

"Huyo ni bubu kwani, au kiziwi?" Mama Nukta alimuuliza.

"Si chochote kati ya hivyo."

"Sasa sauti kubwa ilikuwa ya nani?"

"Ya mwenye hofu," alijibu, na mwenye hofu alikuwa yeye.

Wakakubaliana pale pale juu ya maboksi: mtoto asilazimishwe, asisahauliwe. Aulizwe, aachwe, arudiwe.

Msichana huyo alikuwa amechora kobe.

Kobe ana miaka saba, meno mawili ya mbele hayapo, na soksi zake kila moja ina urefu wake. Anaishi na bibi yake. Kwa miezi minne kifuniko chake kilitoka mara kumi na tisa. Mara zote kumi na tisa alisema "nirudie", na aliporudiwa alitikisa kichwa. Kwenye karatasi za Mama Nukta, kisanduku cha dawati lake ndicho pekee kilichobaki cheupe.

Mwalimu alimfuata bibi nyumbani, akidhani atasikia habari za ugonjwa au msiba. Bibi alishangaa. "Huyu? Huyu hapa nyumbani hata redio humwomba nafasi."

Mwalimu akapeleka jambo hilo stoo. Jibu la Mama Nukta analo mpaka leo, ameliandika kwenye jalada la daftari lake: "Usimfungue mdomo, si mfuko. Wewe rudi tu."

Saa tatu na dakika tano. Mkaguzi anaingia, ni yule yule wa sauti ya chini. Anaketi nyuma kwenye kiti cha mbao, pembeni ya Mama Nukta na karatasi yake. Watoto sabini na mmoja wanasimama na kumsalimia kwa pamoja, wanaketi, na darasa linapata ule utulivu wa watu wanaojua kwamba kuna mgeni.

Mezani kuna vikombe saba vya plastiki. Mwalimu amepanga maswali matano. Yako kwenye kadi mfukoni mwa shati. Hakuna mtoto aliyeyasikia.

"Mezani nina vikombe saba," anaanza. "Wageni wanne wameingia. Kila mmoja amechukua kikombe chake ili anywe chai. Mezani vimebaki vingapi? Mnong'onezee jirani yako."

Chumba kinavuma kama mzinga. Vidole vinahesabiwa, vingine vya jirani vinaazimwa. Mwalimu anatikisa kopo, anaingiza mkono, anatoa kifuniko, anakitazama.

Ni Kobe.

Kwa sekunde moja mkono wake unabaki hewani. Anayekiona kifuniko ni yeye peke yake. Angeweza kukirudisha na kutoa kingine, nani angejua? Baadaye atakiri kwamba kidole gumba kilishaanza kukisukuma kurudi ndani.

"Kobe," anasoma.

Msichana wa benchi la nne anainua macho. "Nirudie."

"Nitakurudia."

Mkaguzi anaandika. Kopo linatikiswa tena. Sufuria anasema vitatu, anaonyesha kwa vidole. Mwalimu hasemi ndiyo wala siyo. Jua anasema kumi na moja, na darasa linacheka.

"Jibu hatulicheki," mwalimu anasema, "tunalifanyaje?"

"Tunaliuliza!"

"Umepataje kumi na moja?" anauliza Kiatu Kimoja, kwa sauti ya hakimu.

Jua anasimama, anatazama vikombe, anajishika kichwa. "Aa! Nilidhani wageni wamekuja na vyao."

Hata mkaguzi anainamisha uso kuficha kicheko.

"Kobe," anasema mwalimu, "nimerudi."

Sekunde kumi. Mama Nukta ameacha kukanda goti. Mwalimu hasogei, harudii swali, haongezi sauti. Amechuchumaa mbele ya ubao ili asiwe mrefu.

"Viwili," anasema Kobe.

Darasa linalipuka. Siyo! Vitatu! Hesabu tena! Mkaguzi anatazama saa yake, na mwalimu, uso umemwiva, anainua kiganja.

"Tunaliuliza. Kobe, umepataje viwili?"

Msichana anatoka kwenye benchi, soksi moja juu moja chini, anaenda hadi mezani. Anasukuma vikombe vinne upande mmoja. "Wageni hawa." Kisha anachukua kimoja zaidi, anakiweka mbele ya mwalimu. "Na mwenye nyumba. Wageni hawawezi kunywa huku wewe unawatazama tu. Wataona haya."

Mwalimu Ngazi anakishika kikombe. Kadi ya maswali iko mfukoni, na anajua, kama anavyojua jina lake, kwamba hataitoa tena.

"Mwenye nyumba atakunywa baadaye!" anapinga Ufunguo kutoka nyuma.

"Baadaye imepoa," anajibu Kobe bila kugeuka.

"Basi ni saba toa nne, halafu toa moja!" anapaza sauti Kitu, akiwa amesimama juu ya benchi.

Mwalimu anaandika ubaoni, upande wa kushoto, ule uliokuwa haupo: saba toa nne ni tatu, tatu toa moja ni mbili. Darasa limegawanyika. Wengine wanataka mwenye nyumba anywe, wengine wanasema hakutajwa kwenye swali, na mtoto mmoja mwenye sauti nyembamba anauliza, je, kama mwenye nyumba ana mke? Mkaguzi ameiacha kalamu. Anaegemea mbele.

"Na mimi je, mwanangu?" anauliza. "Mimi sipewi?"

Kobe anamtazama kuanzia viatu hadi miwani.

"Wewe ni mgeni," anasema. "Ulishahesabiwa."

Kicheko kinachofuata kinawafikisha watoto wa darasa la pili madirishani. Kikipungua, Sufuria anauliza kuhusu Mama Nukta, na Kobe anaamua, akiwa sasa ndiye mwenye kesi, kwamba Mama Nukta ni wa nyumbani. Anachukua kikombe kingine. "Sasa kimebaki kimoja." Na mikono inaendelea kuinuka, hata isiyotolewa na kopo, mpaka kengele inalia na swali la pili halijaulizwa.

Ofisini kwa mwalimu mkuu, mkaguzi anajaza fomu bila haraka. Mwalimu Ngazi amesimama, kichwa karibu na taa.

"Ulipanga maswali mangapi?"

"Matano, bwana."

"Umeuliza?"

"Moja."

"Mara ile uliuliza manane." Mkaguzi anaendelea kuandika. "Nimekuandikia upungufu, upangaji wa muda. Usiudharau, maswali manne yale nayo yalikuwa ya kufundishwa. Kesho uyafundishe."

"Ndiyo, bwana."

Anaigeuza fomu mezani, kidole kikiwa chini kabisa, penye pendekezo. Maneno mawili: Athibitishwe kazini. Kisha, akifunga mkoba: "Na yule mtoto mwambie nimekubali. Nilishahesabiwa."

Nje, Mama Nukta amekaa kwenye ngazi za veranda akinyoosha mguu. Anampa karatasi ya leo. Ina nukta kwenye visanduku thelathini na vinne. Kwenye kisanduku cha Kobe, benchi la nne, zipo saba, zimebanana, moja imetoka nje ya mstari.

"Kalamu imenikaukia kwa ajili ya mtu mmoja," ananung'unika. Halafu anavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji.

Mwalimu anahesabu upya, kwa kidole. "Mama, thelathini na wanne kwa sabini na mmoja. Bado thelathini na saba."

"Ndiyo. Karibu kazini."

Mchana anampigia baba yake simu, akiwa ameketi kwenye dawati la mwisho karibu na dirisha. Watoto wameshaondoka, sakafuni kuna soksi moja ambayo kesho itatafutiwa mwenyewe.

"Wamenithibitisha, baba."

Upande wa pili inasikika brashi ikikwangua ukingo wa kopo.

"Haya," mzee anasema hatimaye. "Mungu mkubwa. Basi hizi brashi zako nimgawie mtu sasa?"

"Usizigawe. Nimeomba mwaka ujao nipande na watoto wangu darasa la pili. Kuna mmoja ndiyo kwanza ameanza kusema, sitaki ampate mtu wa kuanza naye upya."

"Sasa darasa la pili na brashi wapi na wapi?"

"Ubao wao unang'aa, baba. Nimeenda kuutazama kutoka nyuma. Hauonekani kabisa."

Brashi inaacha kukwangua. Mzee anakohoa kidogo, kikohozi cha fundi anayekubali kazi bila kutaka ionekane amekubali haraka.

"Upana wake ukoje?" anauliza. "Usinikisie. Simama upime."

Mwalimu Ngazi anacheka, anainuka kwenye dawati, simu sikioni, na kwenda mlango wa pili, darasa la pili, kupima.